Chupa ya Msunguti

Nyuma ya nyumba ya Boke, pale mlima unapoanza kutoa mawe, ulikuwepo mti wa msunguti ambao mbuzi hawakuugusa hata mwaka ule wa ukame, walipokula mpaka nyasi za paa la jiko. Majani yake yanang'aa kama yamepakwa mafuta, maua yake meupe yananukia kuliko sabuni ya dukani, na ukivunja tawi linatoa maziwa. Mgeni akiuona anatamani kuupanda mlangoni kwake. Watu wa Nyansurura wanaujua kwa kazi zake mbili. Wanaume wa zamani walichemsha magome na mizizi yake mpaka ikawa kama lami, wakapaka kwenye mishale, na nyumbu akichomwa hakwenda mbali. Wanawake wachache walitoa humo humo dawa ya miguu iliyovimba, ya jino na ya tumbo lililoshikwa na baridi. Boke alikuwa mmoja wao, na kama ungemuuliza mwenyewe, angekwambia ndiye aliyebaki peke yake.

Dawa yake ilikuwa na mwiko wa njiani. Ukishapokea chupa unakwenda moja kwa moja nyumbani, kwa mguu. Hugeuki nyuma. Huamkii mtu wala huitikii salamu, hata awe padri. Mwiko huo Boke aliurithi kwa mama mkwe wake, ila marehemu aliuachia hapo, na Boke akauongezea chumvi. Simu zilipoingia kijijini watu walimuuliza, akasema simu nayo ni mdomo, izimwe. Baadaye kuna mtu alikutana na jirani njiani, akachekwa, akaimwaga dawa kwa aibu. Boke alikasirika siku hiyo hadi midomo ikamtetemeka, ndipo akaongeza lile lililomfanya aogopwe: kwamba adui wa mgonjwa hukaa njiani akiisubiri dawa, na hujigeuza sura.

"Anaweza kuja kwa sura yangu mimi," alikuwa akiwaambia. "Atakuita kwa sauti yangu, atakwambia dawa siyo. Usimsikilize. Mimi nikishakupa chupa sina tena neno na wewe."

Aliyaona macho ya watu yanavyotoka akisema hivyo, na lazima tuseme ukweli, alifurahi. Mwanamke mjane asiye na ng'ombe wa maana anapata wapi heshima nyingine? Kanisani alikuwa anaimba kwaya kama wengine, lakini akipita sokoni watu walimpisha.

Asubuhi ile alikuja Agness, mke wa Benedicto, kutoka ng'ambo ya kijito. Alikuwa binti wa Nyarero, kule Tarime, aliyeolewa huku akiwa mdogo, mpole, mwenye mikono mikubwa ya kazi. Alipiga goti mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba binti yangu. Benedicto anaendeleaje?"

"Miguu imerudi vile vile, mama. Usiku hawezi kulala chali, anasema kifua kinajaa maji. Viatu havimwingii tena. Mimi namkanda kila jioni na maji ya moto, lakini wapi."

"Na vidonge vya Mugumu?"

Agness aliinamisha uso. Benedicto alikuwa amepewa vidonge hospitalini, vikampunguza uvimbe vizuri tu, lakini vilimkojoza mno. Siku moja alitoka nje ya ibada mara nyingi mpaka vijana wa kwaya wakaanza kuguna. Mtu mrefu vile, mcheshi, aliyezoea kuwacheka wengine, hakuweza kuvumilia kuchekwa. Akaviacha.

"Mwambie arudie vidonge," alisema Boke. "Dawa yangu haigombani na ya hospitali. Lakini hii ikimfika mkononi tu anywe, kabla hajala kitu."

Akaingia kwenye kijumba chake cha dawa, akapapasa juu ya kichanja palipokuwa na chupa za soda, akachukua ya mbele. Ilikuwa na maji ya rangi ya chai ya rangi, kama siku zote. Alimkabidhi Agness kwa mikono miwili, akamsomea mwiko wote tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na ile habari ya sura. Agness alizima simu mbele yake, akaichomeka chupa kifuani chini ya sweta, akaondoka bila kuaga, kama inavyotakiwa.

Hakuwa ameuvuka hata uzio wa minyaa vizuri, Nikolaus akatokea nyuma ya nyumba.

Nikolaus alikuwa mtoto pekee aliyebaki kwa Boke. Alikuwa na shamba la mtama, lakini mtama haukuwa na haraka kama nyama pori. Alfajiri ile alikuwa ameingia kwa kunyata kutoka porini, akalala juu ya magunia, kwa sababu askari wa wanyamapori walikuwa wamemkamata mwenzake na jina la Nikolaus lilikuwa limeshatajwa. Boke aliyajua yote hayo. Alimgombeza, akampikia ugali, akanyamaza. Mama ni mama.

"Mama, hii chupa yangu umeitoa wapi?" Nikolaus aliuliza kutoka ndani ya kijumba. "Niliiweka hapa mbele."

"Chupa gani?"

"Ile ya kazi. Bado sijaikausha, ilikuwa maji maji. Niliificha kwenye chupa zako, nani atakuja kupekua dawa za mama mzee?"

 Boke akaingia, akashika chupa iliyofuata, akaifungua, akachovya kidole, akagusa ulimi akatema. Ilikuwa yake mwenyewe, nyepesi, ile ya miguu. Iliyoondoka chini ya sweta la Agness ilikuwa mizizi na magome aliyoyachemsha Nikolaus kwa siku nyingi huko porini, kwa ajili ya kuangusha nyumbu.

"Mungu wangu," alisema. "Nimempa mke wa Benedicto."

Nikolaus alisimama kama mtu aliyepigwa kofi. Kisha akasema la kwanza ambalo mtu yeyote angesema, "Mpigie simu."

"Ameizima. Nimemwambia aizime."

"Basi mwite!"

Boke alitoka mbio hadi kwenye uzio. Agness alikuwa bado anaonekana, kitenge cha njano kikishuka bondeni katikati ya mahindi. "Agness! Ee Agness! Rudi!" Alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Na kitenge cha njano, ambacho kilikuwa kinakwenda kwa mwendo wa kawaida, kikaongeza mwendo.

Boke alirudi akihema, akatafuta simu kwenye fundo la khanga yake. "Nampigia Amos," alisema. Amos ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji kule ng'ambo, na nyumba yake ilikuwa karibu na ya Benedicto.

Nikolaus alimshika mkono. "Utamwambia nini Amos?"

"Nitamwambia ni sumu."

"Sumu ya nini? Imetoka wapi? Imefikaje kwako?" Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. "Mama, Amos ndiye anayekula na wale askari. Ukisema sumu ya mishale kwako, jioni wako hapa. Mimi nitaozea ndani. Nakuomba mama. Mkimbilie mwenyewe, mkate njia kwa juu, utamkuta kijitoni. Mnyang'anye tu chupa, basi, yaishe bila maneno."

"Nenda wewe, mura, kijana wangu. Una miguu."

"Nikionekana pale kijitoni nimekwisha."

Hapo ndipo Boke alipokosea mara ya pili, na kosa hili halikuwa la kupapasa chupa. Alimtazama mwanawe, shavu lake lenye kovu la utotoni alilomtibu yeye mwenyewe, akairudisha simu kwenye fundo. Akavua ndala, akashika njia ya juu.

Njia hiyo ni ya mbuzi. Inapita kwenye mawe na miiba, lakini inakata kona yote ya barabara na kukutupa pale watu wanapovukia kijito kwa kukanyaga mawe. Boke hakuwa amekimbia tangu harusi ya dada yake. Kifua kiliwaka, miiba ilimkwaruza, na njia nzima alikuwa akipanga maneno. Atamwambia taratibu. Atamshika mkono. Agness ni mtoto mpole, ataelewa.

Alifika kijitoni akiwa hana pumzi, akasimama kwenye jiwe la ng'ambo, na Agness akatokea kwenye matete.

Hebu fikiria alichokiona yule binti. Alikuwa amemwacha Boke nyuma, mlangoni kwake, amekaa, amefunga kilemba vizuri. Sasa Boke huyo huyo yuko mbele yake, kichwa wazi, nywele zimesimama, miguu mitupu inatoka damu, anahema kama mnyama. Agness alisimama. Uso wake uligeuka rangi ya majivu.

"Agness, binti yangu," alisema Boke. "Nipe hiyo chupa. Dawa siyo."

Maneno yalipotoka ndipo alipoyasikia. Yalikuwa yale yale aliyomfundisha, neno kwa neno, asubuhi hiyo hiyo.

Agness alifumba macho. Midomo ilianza kucheza: "Salamu Maria, umejaa neema..." Akaingia majini bila kutafuta mawe, akitaka kupita pembeni.

"Agness, ni mimi! Ni mimi Boke! Nisikilize, yale mengine niliyatunga tu, hakuna wa kujigeuza, hakuna! Fumbua macho unione!"

Binti akazidisha sala, machozi yanatiririka kwenye macho yaliyofumbwa. Boke hakuona njia nyingine. Alimrukia, akaingiza mkono kifuani kwake akiitafuta chupa, na vidole vyake vikaigusa, vikaishika kabisa. Lakini Agness alikuwa na mikono ile ya kulima na kukanda. "Toka! Niache! Humpati mume wangu!" alipiga kelele, akamsukuma kwa nguvu zote. Boke alianguka kati ya mawe, na mguu ukasema kitu ndani ambacho alikisikia mpaka kwenye meno.

Alipoinua kichwa, kitenge cha njano kilikuwa kinapanda ule upande mwingine, mbio, bila kugeuka.

Alijaribu kusimama, mguu ukakataa. Akakaa majini, akafungua fundo la khanga. Simu ilikuwa haijalowa. Alimpigia Amos.

"Shikamoo mama Boke," alisema Amos. Nyuma yake ng'ombe walikuwa wanalia na watu wanapiga miluzi. "Niko joshoni hapa, sikusikii vizuri."

"Amos, kimbia kwa Benedicto. Mwambie mke wake asimpe dawa aliyotoka nayo kwangu."

"Kwa nini tena, mama? Kuna nini?"

Neno lilikuwa moja tu. Lilikuwa fupi, na Boke alikuwa nalo mdomoni. Angelisema, Amos angeacha ng'ombe na josho na kila kitu. Lakini pamoja na neno hilo alimwona Nikolaus amefungwa pingu, ananing'inia nyuma ya gari la askari, na nyumba ambayo haina tena mtu wa kumzika yeye Boke.

"Nimesahau kuiombea," alisema. "Mwambie asubiri, nitakuja kuiombea."

"Aa, hilo tu?" Amos alicheka kidogo, kwa heshima. "Sawa mama. Namaliza hawa wachache napita pale."

"Fanya haraka, Amos."

"Usijali mama."

Amos alimaliza ng'ombe wake. Hakuna wa kumlaumu. Alinawa mikono, akamsalimia huyu na yule, akapita kwa Benedicto kama alivyoahidi. Alimkuta Benedicto ameinama kwenye kiti anatapika, shati linaruka kifuani kwa jinsi moyo ulivyokuwa ukipiga, kisha ukikaa kimya, kisha ukipiga tena. Walimpakia kwenye pikipiki katikati ya wanaume wawili. Hawakuifikia zahanati. Na kwa kuwa kila mtu alijua kuwa alikuwa na ugonjwa wa moyo na aliacha vidonge, hakuna aliyeuliza aliondokaje. Waliuliza tu kwa nini dawa ya Boke, ambayo ilishawasaidia wengi, safari hii haikusaidia.

Kabla jua halijazama Nikolaus alikuwa ameshavuka Sirari, yuko kwa wajomba upande wa Kenya. Hakuaga vizuri. Mchunga ng'ombe mmoja, mpita njia, alimkuta Boke kijitoni, akambeba mgongoni hadi nyumbani, na Boke akamwambia ameteleza akiteka maji. Kwa wengine alisema ng'ombe amemkanyaga. Hakukumbuka tena amemwambia nani lipi, na bahati yake mbaya ni kwamba hakuna aliyelinganisha.

Siku ya kuondoa matanga alikwenda. Angekosaje? Waliompeleka kwa bodaboda walimkalisha kwenye mkeka pamoja na akina mama, mguu umenyooshwa mbele, umefunikwa na kitenge. Wangwe, kaka mkubwa wa marehemu, mtu wa maneno machache na sauti nzito, aliketi kwenye kiti na wazee wa ukoo, akamwita Agness mbele.

"Shemeji," alisema, "Amos ametueleza jambo. Siku ile mama Boke alimpigia simu kwamba dawa isinywewe, kwamba atakuja kuiombea kwanza, na sisi tumeona alisema hivyo ili asitutie hofu. Mama huyu alikuwa kwake, mbali, akajua kwamba dawa imeharibika njiani. Sisi tunataka kujua ulifanya nini njiani."

Boke aliwasikia watu wakiguna kwa mshangao, na baadhi wakamgeukia kwa heshima kubwa kuliko ya siku zote. Kumbe mama huyu huhisi mambo ya mbali! Boke akakivuta kitenge, akaufunika mguu zaidi.

Agness alikuwa amekonda ndani ya siku chache hizo hadi nguo ikamwelea. Hakujitetea. "Nilivunja mwiko," alisema. "Kijitoni nilikutana naye. Alikuja kwa sura ya mama, kama mama alivyonionya. Nilifumba macho nikasali. Lakini aliponigusa niliogopa, nikamjibu. Nilimwambia toka. Nikamsukuma kwa mikono yangu hii. Mama alisema nisijibu hata neno moja, na mimi nilijibu."

Mama mzazi wa Benedicto alianza kulia kwa sauti. Wanawake walimshika.

Agness akageuka, akapiga goti mbele ya mkeka wa Boke. Alimtazama kwa macho ambayo yalikuwa bado yanatafuta mlango. "Mama, nisamehe nikuulize. Nimewaza usiku na mchana. Sauti yake ilikuwa yako kabisa, na ilikuwa inalia. Yule wa kijitoni hakuwa wewe?"

 Wangwe aliinama mbele kwenye kiti. Boke aliiona nafasi ilipo, wazi kama mlango wa kanisa: aseme ndiyo, binti huyu apone, yeye aende anakostahili. Nikolaus hata hivyo alikuwa ameshaondoka. Hakukuwa na wa kumlinda tena ila yeye mwenyewe, na jina lake, na jinsi watu wanavyompisha sokoni. Alishangaa kuona kwamba hilo lilitosha.

"Sikuwa mimi, binti yangu," alisema. "Mimi nilikuwa nyumbani."

Agness aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea jibu alilolitegemea. "Basi ni mimi niliyemuua," alisema.

Wazee hawakukaa sana. Wangwe alitamka kwamba Agness atarudi kwa wazazi wake Nyarero, na watoto watabaki, kwa kuwa ni wa ukoo. Agness alisema ndiyo, baba. Mtoto wake mdogo alikuwa amelala mgongoni kwa shangazi yake, hakuamka. Watu walianza kunyanyuka kwenda kwenye chakula, wakimpita bila kumgusa, kama wanavyopita kwenye tope.

Alibaki amepiga goti pale pale. Kisha, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine tena katika boma lile, macho yake yakatua kwenye kitenge kilichofunika mguu wa Boke, na mkono wake ukakiinua. Kifundo kilikuwa kimevimba, kimekuwa cheusi, ngozi imekaza inang'aa.

"Mama, mguu huu! Nani anakukanda?"

"Hakuna, binti yangu. Uache. Utapona wenyewe."

"Hauponi wenyewe," alisema Agness. "Mimi miguu iliyovimba naijua."

Akainuka. Boke alimwona anaingia jikoni, wanawake wakimpisha kwa kumkwepa, akatoka na beseni la maji yanayotoa moshi na lile taulo lililochakaa alilokuwa akimkandia mumewe. Alikaa chini, akauchukua mguu, akauweka juu ya paja lake. Alilichovya taulo, akalikamua, akalipima kwanza kwenye mkono wake mwenyewe kama halijazidi moto. Kisha akaanza kukanda, kuanzia vidoleni, taratibu, kwa mikono ile mikubwa.

Boke alilia. Alilia mpaka mabega yakatikisika, na akina mama waliokuwa karibu wakasema jamani mguu unamuuma mama wa watu.

"Vumilia mama," alisema Agness bila kuinua uso. "Nikikuumiza useme."

Boke hakusema.